Ujuzi Ondoka Nao, Daftari Liache: Mfanyakazi Anapofungua Biashara Kama ya Bosi Wake Kilosa na Mikumi

Kila kiangazi kinapoingia na magari ya watalii kuanza kupanga foleni kwenye lango la Hifadhi ya Mikumi, ugomvi wa aina moja huibuka. Dereva aliyekuwa ameajiriwa mwaka jana sasa ana gari lake. Mpishi wa loji amefungua mgahawa kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Kilosa mjini, muuzaji wa duka la pembejeo amepanga fremu mtaa uleule alikokuwa akiuza kwa niaba ya mwingine. Bosi anasema ameibiwa. Aliyeondoka anasema amejiajiri, na kujiajiri ndiko vijana wanakohimizwa kila siku.

Ugomvi huu unachochewa na imani tatu zilizoenea, na zote zina kasoro. Wapo wanaoamini kwamba ukishafanya kazi kwa mtu huna ruhusa ya kufungua biashara kama yake katika mji huohuo. Wapo wanaoamini kwamba siku uliyorudisha funguo na sare, deni lako lote kwa bosi limekwisha. Na wapo wengi zaidi, wafanyakazi kwa waajiri, wanaoshikilia kwamba pasipo karatasi iliyosainiwa hakuna wajibu wowote. Anayefungua biashara kwa imani potofu anaweza kupoteza mtaji wake wote kwa kesi moja. Na bosi anayetishia kwa imani potofu anaweza kumzuia kijana riziki yake halali kwa woga mtupu. Kwa hiyo inafaa kuitazama sheria yenyewe, na kisha kuuliza kama inaleta haki katika wilaya kama hii.

Sheria hii inatoka wapi

Mtu akifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, atakuta mengi kuhusu mshahara, likizo, notisi na kuachishwa kazi. Kuhusu mfanyakazi aliyeondoka akaenda kushindana na mwajiri wake, hatakuta kifungu kinacholisema jambo hilo waziwazi. Majibu yanapatikana sehemu nyingine tatu: mkataba wenyewe, Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), na kanuni zilizojengwa na majaji wa Uingereza na kurithiwa na Tanganyika.

Urithi huo una tarehe. Sheria ya Matumizi ya Sheria na Mamlaka ya Mahakama (Sura ya 358) inazielekeza mahakama zetu kutumia kanuni za Kiingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi na ya wananchi inavyoruhusu. Maamuzi makubwa ya Uingereza kuhusu suala hili yalitolewa mwaka 1894, 1895, 1913 na 1916, yaani yote kabla ya tarehe hiyo. Yaliyokuja baadaye humshawishi jaji wa Tanzania, lakini hayamfungi. Msomaji ayakumbuke pia maneno yale ya hali ya nchi na ya wananchi, kwa sababu ndiyo yanayompa wakili wa Morogoro mlango wa kusema kwamba Mikumi si London.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mfanyakazi akiwa kazini anadaiwa uaminifu kamili, hata kama mkataba ni wa mdomo. Akishaondoka yuko huru kushindana na mwajiri wake, isipokuwa katika mambo mawili: siri halisi za biashara, na ahadi halali aliyoiweka kwa maandishi au iliyothibitishwa. Ugumu wote uko katika kujua mpaka wa kila moja unapita wapi.

Hoja ya mwenye biashara

Waajiri wana hoja nzito kuliko wanavyosikika vijiweni. Mtalii anayelala usiku mmoja Mikumi kwa kawaida harudi tena. Anayerudi kila wiki ni wakala wa Dar es Salaam au Zanzibar anayemtuma. Biashara ya kampuni ndogo ya kutembeza watalii inaishi kwa mawakala wachache wanaopiga simu wakijua gari litafika kwa wakati na bei itakuwa ile waliyokubaliana. Uhusiano huo hujengwa kwa miaka, kwa hasara za mwanzo, kwa kumrudishia fedha mteja ambaye gari lilimharibikia katikati ya uwanda wa Mkata. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari ya siku mbili kutoka Dar imekuwa rahisi, na thamani ya wakala wa uhakika imeongezeka. Dereva akiondoka na mawakala wanne, amemwachia bosi magari, mishahara ya kulipa na simu isiyoita.

Bosi pia amewekeza kwa mtu. Amemlipia masomo ya udereva au ya lugha, amemvumilia alipokuwa anajifunza, na pengine alimchukua kama mtoto wa nyumbani. Waajiri wakijua kwamba kila wanayemfundisha atageuka mpinzani wao, wataacha kufundisha. Wataajiri ndugu zao tu, au watawaficha wafanyakazi kila kitu cha maana, na biashara inayoendeshwa kwa kufichana haikui.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba mara nyingi inadai zaidi ya kilicho chake. Bosi huyohuyo anayelia kuhusu uwekezaji hakuandika mkataba wowote, ingawa kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinamtaka ampe mwajiriwa maelezo ya ajira kwa maandishi. Kifungu hicho kinasema pia kwamba akishindwa kuyaonyesha maelezo hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wake. Anayesema kwamba walikubaliana kwa mdomo dereva asifungue kampuni kwa miaka mitatu anaanza kesi akiwa amebeba mzigo mzito. Na wapo waajiri wanaotaja usaliti pale ambapo kilichomwondoa mtu ni mshahara wa kuchelewa.

Hoja ya anayeondoka

Upande wa pili unaanzia kwenye Katiba. Ibara ya 22 inampa kila mtu haki ya kufanya kazi. Mahakama ya juu ya Uingereza ililigusa jambo hilihili mwaka 1916 katika kesi ya Herbert Morris dhidi ya Saxelby, fundi mhandisi aliyekuwa amebanwa na sharti la kutoshindana kwa miaka saba nchi nzima. Majaji walilikataa sharti hilo. Walitofautisha mali ya mwajiri na ustadi ambao mtu ameupata kwa kufanya kazi: ustadi huo umekuwa sehemu ya mtu mwenyewe, na mwajiri hawezi kuufungia kabatini kwa sababu tu ulipatikana kwenye karakana yake.

Kwa Mikumi maana yake ni kubwa. Kujua simba hupumzika wapi saa nne asubuhi, kujua barabara ipi ya hifadhini hujaa tope mvua za masika zinapoanza, kuwasalimu Wajerumani kwa lugha yao, kukadiria muda wa kutoka lango kuu hadi bwawa la viboko: hayo yote yapo kichwani mwa mtu na ataondoka nayo kihalali. Kwa muuza pembejeo wa Kilosa ni hivyohivyo. Kujua mbegu ipi ya mahindi inafaa bondeni na ipi inafaa mlimani ni elimu yake. Viingilio vya hifadhi vimetangazwa na TANAPA, kwa hiyo navyo si siri ya mtu.

Kuna pia hoja ya uchumi. Mji mdogo wenye waajiri wachache huwalipa wafanyakazi kidogo kwa sababu hawana pa kwenda. Njia pekee ya mtu mwenye ustadi kupandisha thamani yake ni uwezekano wa kuondoka. Mkimziba hapo, mmempa bosi nguvu ambayo soko lenyewe lisingempa. California ilipitisha sheria ya kufuta karibu masharti yote ya kutoshindana tangu 1872, na watu wengi waliochunguza ukuaji wa kampuni za teknolojia za huko wameutaja uhuru huo wa kuhama kuwa miongoni mwa sababu zake.

Udhaifu wa upande huu hauko kwenye kanuni, uko kwenye mwenendo. Wengi wanaojitetea kwa haki ya kujiajiri walianza kushindana kabla hawajaondoka.

Mwezi wa mwisho kazini

Hapa ndipo penye hatari kuliko kote, na hapa ndipo watu wasipopaangalia. Mabishano huhusu yaliyotokea baada ya mtu kuondoka, ilhali makosa mengi hufanyika akiwa bado anapokea mshahara.

Kupanga hakukatazwi. Mfanyakazi anaweza kuweka akiba, kutafuta fremu, kusajili jina la biashara BRELA, hata kuulizia masharti ya leseni anayotakiwa kuwa nayo kila anayeendesha biashara ya utalii, ambayo wengi huiita TALA, bila kumvunjia bosi uaminifu. Mpaka unavukwa anapoanza kushindana: anapomnong'oneza wakala kwamba mwezi ujao atakuwa na gari lake kwa bei ya chini, anapotumia gari la bosi kupeleka mteja wake binafsi, anapowashawishi mpishi na mhudumu waondoke naye siku moja, au anapokusanya taarifa za kwenda nazo.

Kesi ya Robb dhidi ya Green ya mwaka 1895 ingeweza kuwa imetokea Kilosa. Meneja wa biashara ya kufuga na kuuza ndege wa kuwinda na mayai yao alinakili majina ya wateja kutoka kwenye daftari la oda la mwajiri wake, kisha akaondoka na kufungua biashara yake. Hakukuwa na sharti lililoandikwa la kumkataza. Mahakama iliamua kwamba alivunja uaminifu, kwa sababu alinakili akiwa bado mtumishi na kwa nia ya kutumia dhidi ya aliyemwamini.

Sasa tazama duka la pembejeo. Chini ya kaunta kuna daftari la madeni. Kila ukurasa una jina la mkulima, kijiji chake, mifuko ya mbolea aliyokopa, tarehe aliyoahidi kulipa baada ya kuuza ufuta au mahindi, na alama ndogo pembeni ya wale wasiolipa. Daftari hilo ni ramani ya nani anakopesheka Kilosa nzima, na limegharimu misimu mingi ya hasara kulijenga. Muuzaji anayekumbuka kwamba mzee fulani wa Rudewa hulipa vizuri ametumia kumbukumbu yake. Anayeketi jioni na kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu amefanya alichofanya meneja wa mwaka 1895.

Namna ya kuondoka nayo ina uzito wake. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, na akikataa kufanya kazi katika siku hizo mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi ambacho angelipwa kwa siku hizo. Kwa upande wake, mwajiri hana ruhusa ya kuzuia cheti cha utumishi ili kumkomoa anayeenda kushindana naye. Cheti hicho ni haki ya kila anayemaliza ajira.

Wateja walio kwenye simu

Kesi iliyo karibu zaidi na mazingira yetu ni ya Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1986. Fowler alikuwa meneja mauzo wa kampuni ya kuku, na ndiye aliyebuni mpango wa kuuza kuku wabichi kwa magari yenye majokofu yanayozunguka kwa wateja. Alipoondoka alifungua biashara ileile eneo lilelile, na wafanyakazi kadhaa wakamfuata. Kampuni ilidai kwamba ametumia siri zake: majina ya wateja, njia za magari, siku za kupeleka mzigo, kiasi anachochukua kila mteja na bei. Ilishindwa. Mahakama ilisema taarifa kama hizo hulindwa mtu akiwa kazini, lakini akishaondoka hulindwa siri za kiwango cha juu tu. Na kampuni haikuwa imeandika mkatabani sharti lolote la kumzuia kushindana.

Uamuzi huo haumfungi jaji wa Tanzania, ila mantiki yake ina nguvu, na simu ya mkononi imeufanya mgumu kuliko ulivyokuwa. Dereva wa Mikumi hutumia simu yake na laini yake. Namba za mawakala zimo humo, pamoja na mazungumzo ya WhatsApp ya miaka mitano. Zimeingia kihalali, kwa kazi ya kila siku, hakuna aliyenakili kitu. Je, siku ya kuondoka azifute? Kwa mtazamo wangu namba ya wakala anayetangaza ofisi yake mtandaoni haiwezi kuwa siri. Lakini makubaliano ya bei ya msimu kati ya kampuni na wakala huyo, yaliyotumwa kwenye simu hiyohiyo, ni siri, na kuyatumia kupunguza bei kwa shilingi chache chini ya bosi wa zamani ni kuvuna asichopanda.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeleta sura mpya. Mtalii aliyetoa namba yake, nakala ya pasi yake na taarifa ya ugonjwa wake alizitoa kwa kampuni fulani kwa ajili ya safari fulani. Aliyeondoka akizitumia kumtumia matangazo anaweza kuwa amemkosea mtalii mwenyewe, na kampuni iliyoacha taarifa hizo zizagae kwenye simu za madereva inaweza kujikuta nayo matatani. Katika mvutano wa nani mwenye orodha, pande zote mbili hukaribia kumsahau mwenye taarifa.

Jina na picha havina utata mkubwa. Kuchagua jina linalokaribiana na la bosi ili wateja wachanganye, au kuweka picha za magari yake kwenye ukurasa wako, kunaweza kukufikisha mahakamani hata kama hukuwahi kuwa mwajiriwa wake.

Sharti la kutoshindana katika mji wa barabara moja

Waajiri walioumwa mara moja hukimbilia karatasi. Hupata nakala ya mkataba kutoka kampuni kubwa ya mjini na kumsainisha kila mtu, kuanzia meneja hadi mfua mashuka, kwamba hatafanya kazi kama hiyo kwa miaka mitatu.

Kanuni iliyowekwa na kesi ya Nordenfelt ya mwaka 1894 ni kwamba sharti la kuzuia biashara ni batili mpaka lionekane kuwa la kiasi, kwa pande zote mbili na kwa umma. Nordenfelt mwenyewe alizuiwa kwa miaka 25 duniani kote na mahakama ikakubali, lakini alikuwa ameuza kiwanda chake cha silaha kwa fedha nyingi. Mwajiriwa hupimwa kwa mizani nyingine. Mwaka 1913 sharti lililomzuia wakala wa kawaida wa mauzo kwa miaka mitatu ndani ya maili 25 za London, yaani kama kilomita 40, lilitupwa nje kwa kuwa lilikuwa pana kupita haja.

Nchi zimetofautiana hapa. Kenya ina sheria yake, Sura ya 24, inayoipa Mahakama Kuu uwezo wa kulifuta sharti lisilo la kiasi. Afrika Kusini, tangu uamuzi wa Magna Alloys wa mwaka 1984, inalichukulia sharti kuwa halali hadi mfanyakazi athibitishe kwamba ni la kuonea. Ujerumani imechagua njia ninayoiona ya haki kuliko zote: zuio lisizidi miaka miwili, na katika muda huo mwajiri amlipe aliyezuiwa angalau nusu ya kipato chake cha awali. Nchini Marekani, tume ya biashara ya shirikisho ilijaribu kuyapiga marufuku masharti haya nchi nzima mwaka 2024, ikazuiwa na mahakama ya Texas kabla marufuku hiyo haijaanza kutumika.

Tukirudi nyumbani, jiografia inabadilisha uzito wa jambo. Mikumi ni mji uliokaa kwenye barabara moja, na uchumi wake wa utalii umeegemea hifadhi moja. Zuio la kilomita 50 kwa mtu wa Dar es Salaam linaweza kumaanisha kupanda daladala zaidi. Kwa mwongoza watalii wa Mikumi linameza mji wote, Kidodi, Kidatu na njia ya Udzungwa, hadi kata ya Ulaya upande wa Kilosa. Ni kumwambia ahame nyumbani kwao, aache shamba na wazazi, au abadilishe kazi. Sharti linaloonekana la kiasi kwenye karatasi limekuwa amri ya kufukuzwa wilayani. Kwa hiyo naamini kipimo cha kilomita hakifai hapa, na jaji anayezingatia hali ya wananchi ana kila sababu ya kukikataa. Kipimo kinachofaa ni cha wateja: asiwafuate mawakala hawa waliotajwa kwa majina, kwa miezi sita au mwaka. Sharti la namna hiyo linalinda hasa kile ambacho bosi anaogopa kukipoteza, na linamwachia kijana barabara.

Gharama ya kudai

Hata haki iliyo wazi ina njia ndefu. Madai yanayotokana na mkataba wa ajira huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa watu wa Kilosa safari ya kufuata shauri ni ya Morogoro mjini. Migogoro isiyohusu kuachishwa kazi inatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 60, na wengi hupoteza muda huo wakisubiri wazee wapatanishe. Mwajiri anayetaka fidia chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba lazima aonyeshe hasara aliyoipata kwa hesabu: wakala yupi aliondoka, alileta wageni wangapi, faida ilikuwa kiasi gani. Asiye na vitabu vya hesabu hana kesi. Na kiwango kikubwa cha faini kilichoandikwa mkatabani ili kutisha hakimsaidii sana, kwa kuwa kifungu cha 74 kinaipa mahakama nafasi ya kutoa fidia ya haki tu, isiyozidi kiasi hicho.

Hali hii huwapendelea wenye nguvu kwa namna mbili zinazopingana. Mfanyakazi mjanja hujua bosi mdogo hatamudu kesi, na bosi mkubwa hujua kijana ataogopa barua ya wakili hata ikiwa haina msingi.

Mizani inapolalia

Nikipima yote, naona sheria inaegemea uhuru wa anayeondoka, na naona inastahili kuegemea huko katika wilaya ambayo ajira ni chache na ustadi ndio mtaji pekee wa vijana wengi, wakiwemo wanaomaliza chuo cha VETA pale Mikumi. Lakini uhuru huo una masharti yaliyo wazi kuliko watu wanavyodhani, na sehemu kubwa ya masharti hayo inahusu siku za mwisho kazini. Aliyefanya kazi kwa uaminifu hadi jioni ya mwisho, akatoa notisi, akakabidhi daftari, gari na nywila, kisha kesho yake akafungua fremu mkabala na bosi wake, hana deni la kisheria, hata kama salamu zimekatika.

Waajiri nao wana kazi ya kufanya mapema. Mawakala wawe wa kampuni badala ya dereva mmoja: laini ya simu ya ofisi, barua pepe ya ofisi, bei za msimu ziandikwe kwa jina la kampuni. Mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili, uliosomwa na kueleweka, wenye sharti finyu kwa meneja na mwongoza watalii anayeshika mawakala, na usio na sharti kama hilo kabisa kwa mfua mashuka. Na wanapotaka mtu akae miezi sita bila kuwagusa wateja fulani, wamlipe kitu kwa miezi hiyo. Sheria yetu haiwalazimishi, ila sharti lenye malipo lina nafasi kubwa zaidi ya kuonekana la kiasi mbele ya jaji, na aliyelipwa kusubiri ana sababu ya kusubiri.